Zebu, Sahiwal au chotara wa Jersey: nani atakaa kwenye ekari moja na nusu?

Mpwa wangu anafanya kazi Nakuru. Mwezi wa pili alinipigia simu akiwa na pesa za ng'ombe mmoja mkononi na majina matatu kichwani. "Mjomba, nimwekee mama zebu, Sahiwal au Jersey?" Mama yake, dada yangu, anaishi Nyando, kaunti ya Kisumu. Ana ekari moja na nusu, mahindi na mtama humo humo, mto uko mwendo wa dakika kumi na tano, na msaidizi wake ni mjukuu anayeenda shule. Nilimwomba mpwa wangu anipe wiki moja. Niliyomwandikia ndiyo haya, nimeyapanua kidogo kwa sababu swali hilo naulizwa kila mara, kuanzia Butere hadi Muhoroni.

Wote watatu nimewahi kuwafuga, ingawa si kwa wakati mmoja, na kila mmoja ameniachia jambo la kusimulia.

Kwanza tuelewane majina. Nikisema zebu ninamaanisha ng'ombe wetu wa kienyeji, yule mdogo mwenye nundu na pembe fupi. Ana koo zake: kuna wa Nandi, wa Teso, na wa Winam ambaye vitabu vya wakoloni vilimwita Kavirondo. Jike mzima huwa na kilo 200 hadi 250. Sahiwal naye ni wa ukoo huo huo wa nundu, ila asili yake ni Punjab, na jina lake ni la mji ulioko Pakistan ya leo. Alianza kuletwa Kenya mwishoni mwa miaka ya 1930, na kundi la taifa linatunzwa na KALRO, shirika la utafiti wa kilimo na mifugo, pale Naivasha. Ni mwekundu wa kahawia, ngozi ya shingo inaning'inia, na jike hufika kilo 350 hadi 450. Chotara wa Jersey ni mtoto wa jike wa kienyeji aliyehimilishwa kwa mbegu ya Jersey, ng'ombe mdogo wa kisiwa kilicho kati ya Uingereza na Ufaransa. Chotara wa kizazi cha kwanza huwa na kilo kama 300, wakati mwingine zaidi.

Friesian nimemwacha nje makusudi. Mnyama wa zaidi ya nusu tani kwenye ekari moja na nusu ni kama kupangisha tembo chumba cha nje.

Vigezo nilivyotumia ni vitano: chakula na maji wakati wa kiangazi, kupe na magonjwa, maziwa yanayofika kwenye sufuria, uzazi, na pesa pamoja na kazi nyingine za ng'ombe. Cha sita sikukipa kichwa chake, lakini kimepita ndani ya vyote: nani yuko nyumbani saa nne asubuhi?

Chakula na maji

Ng'ombe hula kwa siku chakula kikavu cha takriban asilimia 2.5 hadi 3 ya uzito wake. Tupige hesabu hiyo kwa nepia mbichi, ambayo sehemu yake kubwa ni maji. Zebu wa kilo 220 atataka kama kilo 30 hadi 35 kwa siku. Chotara wa kilo 300 atataka 45 hivi. Sahiwal wa kilo 400 atapita 55. Mzigo wa nepia ambao mama anaweza kubeba kichwani bila kuumia shingo ni kilo 20 hadi 25. Kwa hiyo zebu ni mzigo mmoja na nusu, chotara ni miwili, Sahiwal ni miwili na nusu au mitatu, kila siku, Krismasi ikiwemo.

Hapo ndipo wengi hushangaa. Wanadhani ng'ombe mvumilivu ni ng'ombe asiyekula. Sahiwal anakula. Uvumilivu wake uko katika kile anachokubali kula: majani makavu, mabua, nyasi ndefu zilizokomaa ambazo chotara atazinusa na kugeuka. Mwachie eneo la kutembea naye atajitafutia. Mfungie kwenye ekari moja, itabidi ukanunue mabua kwa jirani.

Zebu ndiye wa kufungwa kamba kando ya barabara. Asubuhi upande huu, mchana upande ule, jioni anarudi tumbo limejaa nyasi ambazo hukuzipanda. Maji anakunywa lita 20 hadi 30, na akipelekwa mtoni mara moja kwa siku anaridhika. Chotara anayekamwa anataka 50 au zaidi, yawe mbele yake wakati wote, la sivyo maziwa yanapungua siku hiyo hiyo. Hiyo ni mitungi mitatu ya lita 20. Kama mtungi unabebwa na mtu, huyo mtu ahesabiwe kabla ya ng'ombe kununuliwa. Sahiwal yuko katikati.

Chotara pia hatatoa maziwa ya maana kwa majani peke yake. Atahitaji chakula cha dukani wakati wa kukamwa, au desmodiamu, kalandra, majani ya viazi vitamu, chochote chenye protini. Kwa wenye shamba dogo la mahindi, mbinu ya kusukuma na kuvuta iliyotoka ICIPE, taasisi ya utafiti wa wadudu yenye kituo Mbita, inasaidia kweli: desmodiamu katikati ya mahindi, nyasi ya brakiaria pembeni. Kayongo, lile gugu linalonyonya mahindi, inapungua, kiwavi wa shina anapungua, na unakata chakula cha ng'ombe kwenye shamba lile lile.

Jambo moja kuhusu nepia, hasa Bungoma na Busia: kuna ugonjwa wa kudumaa. Majani yanageuka manjano, mashina yanakuwa mafupi kama yamekaliwa. Usichukue vipande vya kupanda kwenye shamba la namna hiyo hata ukipewa bure.

Kupe na magonjwa

Hapa nitakaa kidogo.

Kanda yetu ya ziwa inatawaliwa na ndigana kali. Inaletwa na kupe wa kahawia anayependa kukaa sikioni, na mnyama mgeni aliyeumwa anaweza kufa wiki tatu tu baada ya kupe kumng'ata. Nilimpoteza mtamba chotara kwa njia hiyo. Siku ya Ijumaa, nikimfunga kamba, mkono wangu uligusa uvimbe chini ya sikio, tezi kubwa kama yai la kuku. Nikajiambia ni kupe tu, nikamtoa, nikaenda zangu. Jumamosi jioni alikuwa anakohoa. Jumapili nilimpata daktari, dawa ikadungwa, lakini povu lilikuwa limeshaanza kutoka puani. Jumanne nilichimba shimo. Buparvakwoni, dawa ya ndigana kali, hufanya kazi vizuri ikiwahi. Siku mbili nilizozipoteza ndizo zilizokuwa zake.

Zebu je? Kati ya 2007 na 2010 watafiti walifuata ndama 548 wa kienyeji huko Busia na maeneo ya jirani, tangu kuzaliwa mpaka mwaka mmoja. Karibu mmoja kati ya sita alikufa, na ndigana kali ndiyo iliyoongoza. Kwa hiyo anayekuambia zebu hafi kwa kupe anakudanganya. Hata hivyo waliobaki ni wengi kuliko unavyoweza kutarajia kwa ndama ambao wengi wao hawakupakwa dawa mara kwa mara, na ndama waliokuwa na damu nyingi ya ng'ombe wa Ulaya ndani yao waliugua zaidi.

Siri ya zebu haiko katika damu peke yake. Ndama wa kienyeji huumwa na kupe akiwa mdogo, akiwa bado ana nguvu za maziwa ya mama, anaugua kidogo na anabaki na kinga. Matokeo yake yanawapiga chenga wanunuzi. Zebu aliyekulia mahali pasipo na kupe, ukimleta Nyando anaweza kufa kama mgeni yeyote. Sahiwal pia: aliyelelewa kwenye ranchi inayopaka dawa kila wiki anafika kwako akiwa mzuri wa kupiga picha na mtupu wa kinga. Na ukimpaka zebu wako dawa kila wiki kwa miaka mitatu kisha ukaacha ghafla kwa sababu pesa zimeisha, ndama waliozaliwa katikati ndio watakaolipa. Majosho mengi ya huku yalikauka tangu miaka ya 1990, kwa hiyo hilo si jambo la kufikirika.

Kwa hiyo muulize muuzaji: ng'ombe huyu amekulia wapi, na amekuwa akipakwa dawa mara ngapi? Jibu hilo lina uzito kuliko rangi yake.

Kwa chotara na kwa Sahiwal mgeni, chanjo ya ndigana kali ipo. Chimbuko lake ni kituo cha utafiti cha Muguga, hudungwa mara moja pamoja na oksitetrasaiklini ya muda mrefu, na kinga yake hudumu miaka. Tatizo ni kwamba huhifadhiwa kwenye naitrojeni ya maji na hutolewa kwa ng'ombe wengi pamoja, hivyo daktari hataki kuja kwa mnyama mmoja. Jikusanyeni majirani. Hata ukishachanja, usiache dawa ya kupe kwa chotara, kwa sababu ndigana baridi na mkojo damu hazizuiwi na chanjo hiyo.

Mbung'o ni habari nyingine. Anayeishi karibu na bonde la Lambwe au sehemu za Busia zenye mbung'o asijidanganye kwamba zebu ana kinga ya nagana, ugonjwa unaoletwa na mbung'o. Hana. Wenye uvumilivu wa nagana ni N'Dama wa Afrika Magharibi, nao hatuko nao. Ugonjwa wa miguu na midomo, kimeta na chambavu haviulizi kabila la ng'ombe, chanja wote.

Joto la Kisumu linamchosha chotara. Saa saba mchana utamwona akihema mdomo wazi ikiwa hana kivuli. Zebu na Sahiwal wanacheua kama kawaida.

Maziwa

Zebu, lita moja hadi mbili kwa siku baada ya ndama kupata fungu lake, kwa miezi sita au saba. Sahiwal anayelishwa vizuri, tano hadi nane. Chotara, sita hadi kumi, na muda wa kukamwa ni mrefu. Wote watatu wana maziwa mazito kuliko Friesian, na ya zebu na Jersey ndiyo mazito zaidi. Anayegandisha maziwa lala au mursik anajua tofauti hiyo kabla hajafungua kibuyu.

Mezani chotara yuko mbele kwa kila kilo ya majani aliyokula. Lakini kuna jambo ambalo halisemwi sokoni. Zebu na Sahiwal mara nyingi hawashushi maziwa bila ndama. Lazima ndama anyonye kidogo kwanza, umtoe, ukame, umrudishe. Sahiwal wangu alikuwa akigeuza shingo kutazama kama ndama yupo kweli, na akiona hayupo alisimama pale kama mti, chuchu laini, ndoo tupu. Ndama akifa, maziwa yamekufa naye. Wazee walikuwa wanachuna ngozi ya ndama, wanaijaza majani na kuisimamisha mbele ya mama yake. Mimi sikuweza. Chotara wengi hukubali kukamwa bila ndama ukiwazoesha tangu mzao wa kwanza.

Kuzaa

Zebu huchelewa: mzao wa kwanza karibu na miaka minne. Sahiwal, mitatu na zaidi kidogo. Chotara aliyelishwa vizuri, miwili na nusu au mitatu. Baada ya hapo, zebu mwenye chakula kidogo anaweza kuchukua mwaka na nusu kabla ya kuzaa tena.

Faida ya zebu ni kwamba fahali wa jirani yupo na hakuna haja ya kumpigia mtu simu. Joto la ng'ombe wa nundu, yaani muda wa kutaka dume, ni fupi na mara nyingi huja usiku, kwa hiyo uhimilishaji unakosa shabaha kama hakuna mtu wa kumtazama alfajiri na jioni. Mbegu za Sahiwal na za Jersey zinatolewa na KAGRC, kituo cha taifa cha mbegu za mifugo kilichoko Kabete, na wahimilishaji wengi wanaweza kuzileta ukiwaambia mapema. Jersey ana sifa moja kubwa hapa: ndama wake ni mdogo, hivyo jike wa zebu anamzaa bila kuteswa. Usikubali mbegu ya Friesian kwa zebu mwembamba kwa sababu tu ndiyo iliyokuwa kwenye mtungi siku hiyo.

Onyo kwa wanunuzi wa chotara: nguvu unazozisikia zikisifiwa ni za kizazi cha kwanza. Ukiendelea kumpandisha na Jersey kizazi baada ya kizazi, maziwa yanaongezeka na uvumilivu unayeyuka. Ukimrudisha kwa fahali yeyote wa njiani, watoto wanatoka kila mmoja na lake. Andika baba wa kila ndama hata kama ni kwa makaa ukutani.

Pesa na kazi nyingine

Mtamba chotara mwenye mimba hununua zebu wawili, wakati mwingine watatu. Sahiwal halisi hayuko mbali na bei ya chotara, na kumpata kunahitaji subira, kwa sababu wengi wanaoitwa Sahiwal kwenye masoko ya Akala au Chwele ni zebu mwekundu aliyenenepa. Kuuza ndiko zebu anakowashinda: karo ikifika, kesho asubuhi amepata mteja. Chotara aliyeacha kukamwa husubiri mnunuzi anayeelewa.

Zebu dume analima. Jozi ya maksai inalisha nyumba nzima msimu wa kulima huko Teso na Siaya, na Sahiwal ni mzito zaidi kwenye jembe ingawa anachukua muda kufunzwa. Mahari inapokelewa kwa ng'ombe wowote siku hizi, lakini nimewahi kuona wazee wakimzunguka chotara mwenye mbavu nje na kuuliza kwa upole kama yule mwingine yupo nyumbani. Kwa tero buru, ile desturi ya Waluo ya kufukuza kifo kwa ng'ombe baada ya msiba, hakuna anayetoa Jersey. Na huko Isukha na Idakho, anayefuga fahali wa kupigana hana haja ya makala hii.

Nani achukue nani

Ukiwa Vihiga au mahali popote ambapo shamba halifiki ekari, una mtu nyumbani siku nzima, maji ya bomba au kisima, na mteja wa maziwa mlangoni: chotara mmoja, ndani ya banda, amechanjwa. Kwa nyasi chache ulizonazo, yeye ndiye anayezigeuza kuwa pesa. Kama mojawapo ya hayo matatu haipo, subiri mpaka ipatikane.

Ukiwa na ekari nne na kwenda juu zenye malisho, pande za Muhoroni na Koru, au huko Rongai na Solai ambako mvua ya Nakuru huwa ya kubahatisha, Sahiwal anakulipa maziwa na nyama pamoja. Nunua fahali kabla ya majike: fahali mmoja juu ya zebu ulionao anakupa kundi baada ya miaka michache kwa gharama ya mnyama mmoja. Wa Molo na Njoro wasinisikilize sana, baridi yao ina ng'ombe wake.

Ukiwa tayari una zebu wanne watano, usiwauze ili ununue mmoja wa maziwa. Chagua wawili wenye maziwa bora na wapole, wahimilishe Jersey au Sahiwal, na waliobaki waache na fahali wa kienyeji. Zebu safi wanazidi kupungua kwa sababu kila mtu anapandisha kila jike, na chotara wa kizazi cha kwanza hatapatikana bila mama aliye zebu safi.

Ukiwa mjini na pesa zinatumwa kijijini, ng'ombe akiwa mikononi mwa mzazi mwenye umri, zebu. Wawili kama pesa zinatosha, kwa sababu mmoja hulia.

Ndivyo nilivyomjibu mpwa wangu. Hakufurahi, alikuwa ameshamwona Jersey kwenye simu. Alikuja Jumamosi, tukaenda sokoni pamoja na dada yangu, na dada akatembea kati ya kamba bila kusema neno karibu saa nzima. Kisha akaonyesha kidole mtamba mweusi, nundu imeinamia kushoto, si mnene wala si mzuri. Mpwa wangu akauliza, "Mama, kwa nini huyo?" Akasema alimwona akila bua kavu ambalo wenzake wote walikuwa wamelikanyaga.